Mwanafunzi wa Asubuhi, Mwalimu wa Alasiri

Methali isemayo kwamba mshika mbili moja humponyoka imetumiwa mno katika idara za sayansi za vyuo vikuu nchini, kiasi cha kukaribia kushika nafasi ya sera. Aghalabu hutupiwa mwanafunzi mpya wa uzamili ambaye, majuma machache tu baada ya kusajiliwa, hujikuta asubuhi ameketi akisikiliza mhadhara wa kozi yake, na alasiri amesimama maabarani mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, koti jeupe likiwa bado na mikunjo ya dukani. Akichelewa kuwasilisha kazi ya kozi, huambiwa kwamba ameupenda mno ualimu. Akichelewa kurudisha ripoti za wanafunzi, huambiwa kwamba hana moyo wa ualimu. Wanaomtupia methali hiyo husahau kwamba la pili hakulishika kwa hiari yake. Alishikishwa, ama kwa kuwa idara haina mtu mwingine wa kusimamia maabara, ama kwa kuwa karo ya la kwanza hutoka humo.

Hebu kazi yenyewe ihesabiwe. Chukua somo la kemia, na katika somo hilo jaribio linalokumbukwa na kila aliyelisoma katika shule ya upili: titresheni, yaani ile kazi ya kudondosha alikali kutoka kwenye bureti, tone baada ya tone, ndani ya asidi iliyotiwa kiashirio, hadi rangi ya waridi hafifu ijitokeze na isitoweke. Kwa wanafunzi, tuseme ni kipindi cha saa 3. Anayekisimamia sharti kwanza alifanye jaribio hilo mwenyewe ili ajue linakwama wapi; ahakikishe pamoja na fundi wa maabara kwamba myeyusho una nguvu ifaayo; kisha arudie nadharia ambayo hajaigusa tangu alipokuwa mwaka wa kwanza. Baada ya kipindi huja ripoti. Kundi likiwa na wanafunzi 60, na kila ripoti ikitengewa dakika 10 pekee, hizo ni saa 10 za kusahihisha. Ratiba ya idara, hata hivyo, huonyesha saa 3. Zilizosalia hazina jina wala malipo, nazo ndizo zinazomeza usiku wa kusomea kozi.

Wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wao ni wanafasihi na wanaisimu, huenda wakauliza: kwani mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili hafundishi? Hufundisha, na pengine huchoka vilevile. Lakini riwaya ni mvumilivu. Huweza kusomwa ndani ya matatu, ikafungwa katika ukurasa wa 90 na kufunguliwa kesho yake pale pale. Mmenyuko wa kikemia hauna subira hiyo, wala bakteria waliooteshwa maabarani hawajui kwamba mlezi wao ana kipindi saa nane. Spektrometa moja hutumiwa kwa zamu na watafiti wengi. Zamu ikigongana na kipindi cha kufundisha, zamu ndiyo inayopotea, na nyingine huenda isipatikane hadi juma lijalo. Ndiyo maana ule ushauri wa "panga muda wako vyema", ambao hutolewa kwa ukarimu mkubwa kwa kuwa haugharimu chochote, haumfai sana mwanasayansi chipukizi. Muda wake mwingi umekwisha kupangwa na vyombo na viumbe visivyosikiliza udhuru.

Haya yote yangekuwa mepesi iwapo pande mbili za maisha yake zingepimwa kwa mizani moja. Hazipimwi hivyo. Mwongozo uliotolewa mwaka 2014 na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ulisisitiza kwamba anayetaka kuwa mhadhiri awe na shahada ya uzamifu. Njia ya kufikia shahada hiyo hupitia kozi na tasnifu. Ripoti alizosahihisha hadi usiku wa manane hazimo katika hati yake ya matokeo. Basi anayefundisha kwa bidii hujipunguzia nafasi ya kuajiriwa kufundisha, kinaya ambacho mwandishi wa tamthilia angekionea haya kukibuni.

Hali ilizidi kuwa nzito kufuatia mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma wa Septemba hadi Novemba 2025. Kalenda inapobanwa baada ya mgomo, vipindi vya maabara huongezwa na kozi za uzamili huharakishwa, na mambo hayo mawili humwangukia mtu yule yule. Hapo ndipo anayeumia zaidi huwa ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Msaidizi aliyechoka hutia alama ya vyema bila kusoma, na vipimo vilivyonakiliwa kutoka ripoti za mwaka uliotangulia hupita kama maji.

Hata hivyo, si haki kudai kwamba kufundisha na kusoma ni maadui. Neno "chuo" lenyewe, kabla ya kuongezewa "kikuu", lilitaja madarasa ya Kurani ya pwani, ambako mwanafunzi aliyetangulia aliwasikiliza wadogo wakisoma. Lakini mwalimu alikuwa karibu, na kosa lilirekebishwa papo hapo. Faida ya mpango huo ingalipo maabarani. Katika kidato cha nne, kijana huambiwa aondoe faneli juu ya bureti kabla ya kuanza, naye huiondoa. Siku atakapoulizwa sababu na mwanafunzi wake, itambidi ajue kwamba tone lililobaki ndani ya faneli huweza kudondoka na kuharibu kipimo. Mara nyingi sababu hiyo hueleweka upesi zaidi inapotolewa kwa Kiswahili, japo mwongozo wa jaribio umeandikwa kwa Kiingereza. Wanaisimu wa vyuo hivyo hivyo wangefanya jambo la maana kumtafuta msaidizi huyo na kuyanakili maneno anayoyabuni pale mezani.

Huko Marekani, ambako wahitimu wengi wa Kenya huenda kusomea sayansi, mwanafunzi anayefundisha aghalabu huwekewa kikomo cha saa 20 kwa juma, na mara nyingi husamehewa karo na kupewa posho. Wakenya wanaofundisha Kiswahili huko kupitia mpango wa Fulbright hujua utaratibu wa kufundisha huku wakisoma kozi zao. Kule nako si peponi: mnamo Novemba 2022 wafanyakazi wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, wakiwemo wanafunzi wanaofundisha, waligoma wakidai malipo bora. Lakini walikuwa na mikataba ya kujadili.

Kinachokosekana hapa ni karatasi moja kabla ya muhula kuanza, iliyotiwa sahihi na mwenyekiti wa idara na msimamizi wa tasnifu, ikionyesha saa za kutayarisha, kufundisha na kusahihisha kwa jumla yake, pamoja na malipo, na kwamba katika majuma mawili ya kwanza mgeni atatazama tu mwenzake mzoefu akiendesha kipindi. Idara isiyomudu malipo zaidi huweza walau kumpunguzia makundi. Hadi karatasi hiyo ipatikane, mwanafunzi mpya ataijaza mwenyewe katika daftari, siku baada ya siku, na kuipeleka kwa msimamizi wake katika juma la nne, asingoje la kumi na mbili. Msimamizi akiletewa malalamiko, huweza kumwambia avumilie. Akiletewa saa 21 zilizoandikwa kwa tarehe zake, itambidi aseme ni zipi ziondolewe.