Tundu la Juu ya Sikio

Akina mama wenzetu, mwezi huu tunajibu swali ambalo limetufikia kwa njia nyingi: katika vikao vya akina mama, sokoni Mwanga, hata mwaloni Kibirizi tukisubiri mashua. Je, kuna ubaya gani mtu akitoga sikio upande wa juu, pale penye ugumu, kama anavyotoga ndewe? Wanaouliza si mabinti wa sekondari peke yao. Wamo akina mama wenye watoto watatu wanne, waliotogwa na bibi zao kwa sindano na uzi, na ambao sasa wangependa tundu jipya. Hatuoni sababu ya kuwacheka. Mwanamke hapotezi hamu ya kupendeza siku anapofunga ndoa.

Kwa upande wa imani tutasema machache. Rebeka alipewa pete ya puani na vikuku vya dhahabu na mtumishi wa Ibrahimu, na Mtume Petro naye aliwaasa wanawake uzuri wao usiwe wa kujipamba kwa nje. Makanisa yetu ya Kigoma hayafundishi jambo moja kuhusu hereni. Kila mmoja anaujua utaratibu wa kanisa lake, na mwenye mume atazungumza na mumewe. Sisi leo tunazungumzia habari ya mwili, kwani hapo ndipo tunapoona akina mama hawajaambiwa ya kutosha.

Wala jambo hili si geni kama wazee wengine wanavyodai. Wamasai hutoga watoto wao juu ya sikio kabla hawajafika kwenye ndewe. Wakikuyu wa Kenya zamani walifanya vivyo hivyo, wakipitisha vijiti vyembamba. Picha za zamani za wanawake wa Unguja na Lamu huonyesha safu ya matundu yaliyozunguka ukingo mzima wa sikio, yote yana mapambo. Na Ujiji yetu, iliyokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, ilipokea mengi ya pwani katika lugha, mavazi na mapambo. Mtu atasema, mbona hao hawakudhurika? Jibu letu ni kwamba hakuna aliyekaa kuwahesabu waliodhurika.

Sasa tuliangalie sikio lenyewe. Shika ndewe yako kwa vidole viwili: ni nyama laini, ina damu ya kutosha, na ikijeruhiwa hupona upesi, aghalabu wiki sita hadi nane. Panda juu kidogo. Utakutana na kitu kigumu kinachopinda na kurudi. Hilo ni gegedu. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na ngozi nyembamba iliyolifunika pande zote mbili. Kwa sababu hiyo jeraha lake hupona polepole sana, kuanzia miezi mitatu hadi mwaka mzima, na wadudu wa maradhi wakiingia humo, hata dawa hufika kwa shida. Usaha ukijikusanya kati ya ngozi na gegedu, gegedu hukosa chakula na kufa. Likifa halioti tena. Sikio hujikunja na kubaki hivyo, labda mtu apate upasuaji wa kulitengeneza upya, ambao ni mgumu na wa gharama.

Tusidhani haya hutokea kwetu tu. Mwaka 2000, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, watu 118 waliotogwa matundu 186 kwenye kibanda kimoja cha mapambo walichunguzwa. Saba walithibitika kuwa na maambukizi ya mdudu aitwaye Pseudomonas, na wengine 18 walishukiwa kuwa nayo. Waliothibitika wote walikuwa vijana wa miaka 10 hadi 19. Baadhi yao walipasuliwa, na masikio ya wengine yaliharibika umbo. Mdudu huyo alipatikana wapi? Ndani ya chupa ya dawa ya kusafishia iliyotumika pale, na kwenye sinki lililokuwa karibu! Ni mdudu anayependa majimaji.

Kifaa kilichotumika huko ni kile kile tunachokiona katika saluni nyingi, kinachofanana na bastola. Hicho hakitumii sindano. Hulisukuma pini la hereni kwa nguvu ya springi, na pini lenyewe si kali. Kwenye ndewe huenda usione tatizo. Kwenye gegedu huponda. Tena vingi vina sehemu za plastiki zisizostahimili joto la mvuke, hivyo hufutwa kwa spiriti tu kati ya mtu na mtu. Hapo si suala la usaha peke yake, ni suala la homa ya ini na virusi vya UKIMWI pia. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingia katika chanjo za watoto wachanga nchini mwetu mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo wengi hatukuipata.

Mtogaji aliyefunzwa, mwenye studio yake, hufanya tofauti. Hunawa, huvaa glavu mpya, huweka alama kwa kalamu kisha hukupa kioo uangalie mwenyewe kama mahali hapo panakuridhisha. Sindano yake ni ya tundu ndani, inatumika mara moja tu, na hufungua pakiti yake mbele ya macho yako. Vyombo vingine hupita kwenye mtambo wa mvuke wenye joto la nyuzi 121 au zaidi. Usione haya kuuliza uonyeshwe mtambo huo. Anayefanya kazi yake vizuri atafurahi kukuonyesha, na anayenuna amekwisha kukujibu. Hereni ya kwanza iwe ya titani au dhahabu halisi, yenye kitako bapa kwa nyuma. Zile za rangi ya dhahabu zinazouzwa kwenye meza barabarani mara nyingi zina nikeli, ambayo huwasha watu wengi.

Studio za namna hiyo zipo Dar es Salaam na Nairobi, na hapa ndipo hesabu ya mtu wa Kigoma inapokuwa ngumu. Siku za kwanza sikio huvimba, kwa hiyo mtogaji huweka hereni yenye mti mrefu. Uvimbe ukishuka, baada ya mwezi mmoja hadi miwili, yafaa kurudi akubadilishie mti mfupi, la sivyo ule mrefu utanasa kila kitu na kulipinda tundu. Wewe utarudi Dar kwa ajili hiyo, kilomita zaidi ya 1,200? Mwenye safari ya kukaa huko miezi miwili, kwa masomo au kwa kumtembelea mwana, huyo anaweza kupanga. Anayekwenda harusini na kugeuza na gari moshi la wiki ile ile, ushauri wetu ni kwamba asubiri. Na aliye hapa akiambiwa "tuna bastola lakini ni mpya", abaki na ndewe zake.

Akishatogwa, kazi inaanza. Mara mbili kwa siku safisha kwa maji ya chumvi: robo kijiko cha chai katika kikombe cha mililita 250 za maji yaliyochemshwa na kupoa. Sisi wa mkoa wenye chumvi ya Uvinza tuna mkono mzito. Hapa pimeni, kwani ikizidi huchoma kidonda. Spiriti msitumie, wala msiizungushe hereni kama tulivyofundishwa zamani. Msilalie upande huo. Kuoga ziwani kusubiri mpaka tundu lipone kabisa, hata kama maji ya Tanganyika yanaonekana maangavu kama kioo. Angalieni kitambaa cha kichwani, dawa ya nywele na msusi mwenye haraka. Mwenye mtoto wa mgongoni asijidanganye: mkono wa mtoto utaifikia hereni hiyo kabla ya wiki kwisha. Kwa hiyo anayenyonyesha tungemwomba angoje, na mjamzito vivyo hivyo. Mwenye kisukari aanze kwa daktari wake. Na ambaye yeye au ndugu zake wa damu huota makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe asitoge kabisa, maana uvimbe huo hata ukikatwa huweza kurudi ukiwa mkubwa zaidi.

Wekundu kidogo, maumivu na maji meupe siku za mwanzo ni kawaida. Lakini sehemu yote ya juu ya sikio ikiwa nyekundu, ya moto, imevimba na inauma ukiigusa, huku ndewe ikiwa salama, msiende duka la dawa kununua amoksilini. Mdudu tuliyemtaja hasikii dawa hiyo, na siku mnazozipoteza ndizo zinazoliua gegedu. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo, iwe Maweni au nyingine iliyo karibu. Hereni msiichomoe nyumbani, mwacheni daktari aamue. Mwambieni waziwazi kwamba sikio limetogwa kwenye gegedu, lini, kwa kifaa gani, na dawa zote mlizokwisha kumeza.