Silaha ni Dhamana, na Ala Yake Pia

Katika mwalo wa Kibirizi, kando ya mji wa Kigoma, tuliwahi kushuhudia jambo ambalo hata leo tukilikumbuka hututoka kijasho. Mwalo ni pale wavuvi wanapopandishia samaki wao. Sisi wa Visiwani twapaita diko. Mashua kutoka vijiji vya kaskazini ilifika asubuhi, na abiria mmoja, mfanyabiashara mwenye heshima zake, akaruka kutoka ubavuni hadi mchangani. Aliporuka, bastola aliyokuwa ameichomeka kiunoni chini ya shati iliteleza, ikawa yaenda chini miguuni pa kina mama waliokuwa wakianika dagaa. Bwana yule akanyoosha mikono aidake. Mzee mmoja akapaza sauti: "Ndugu yangu, usiidake! Iache ianguke!"

Ikaanguka, wala haikulia. Mwenyewe akaiokota, akaipangusa mchanga, akaichomeka pale pale ilipotoka, kisha akaomba radhi na kwenda zake. Radhi alipewa. Funzo hakulichukua.

Hatumtaji bwana yule ili kumsuta. Twamtaja kwa kuwa wako wengi walio kama yeye, Bara na Visiwani, waliopewa kibali halali cha kumiliki bastola, wakalipa ada, wakapata kitabu chao, lakini wakaona kwamba chombo cha kuibebea ni pambo tu. Katika tahariri yetu ya leo tunataka kusema kinyume chake: ala ya bastola, yaani mfuko wa kuichomekea kiunoni, ni sehemu ya silaha yenyewe. Asiye na ala inayofaa hajakamilisha masharti ya dhamana aliyopewa, hata kama karatasi zake zote zina mihuri.

Ni vyema kwanza tueleze kwa nini jambo hili tunalitazama tukiwa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Sehemu hizi zina historia ndefu ya bunduki. Misafara ya karne ya kumi na tisa iliyotoka pwani kufuata pembe na watumwa ilifika Ujiji ikiwa na magobori. Mmoja wa wakuu wa misafara hiyo, Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Unguja, alijulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, na mwenyewe alieleza kwamba jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake. Silaha zilizidi mno hata mataifa ya Ulaya, katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, yakaweka mipaka ya kuziingiza katika sehemu kubwa ya Afrika, ingawa yenyewe yaliendelea kuja na mizinga. Meli ya Liemba, ambayo vizazi vya wasafiri wa ziwa hili vimeipanda, iliingia majini mwaka 1915 ikiwa chombo cha vita cha Wajerumani. Mwaka 1965 Ernesto Che Guevara na wapiganaji wake wa Kuba walipita Kigoma kuvuka kwenda Kongo.

Baada ya hapo yakaja mawimbi ya wakimbizi: kutoka Burundi mwaka 1972, tena mwaka 1993, kisha kutoka Zaire mwaka 1996, na Burundi tena mwaka 2015. Wengi mno wa watu hawa walikuja na watoto na magodoro, si na bunduki. Lakini vita vilivyowafukuza vilitawanya silaha ndogondogo pande zote za maziwa, na ndiyo sababu nchi za ukanda huu zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwezi Aprili 2004 ili kuzidhibiti. Mwaka 2025, miji ya Goma na Bukavu ilipotekwa, wakazi wa mwambao walikumbushwa tena kwamba moto wa jirani hauko mbali.

Katika mazingira hayo, mfanyabiashara anayenunua dagaa na mawese kwa fedha taslimu anapoomba kibali cha bastola, hatuwezi kumwambia kwamba hofu yake ni ya bure. Serikali imeweka utaratibu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha ya raia iwe na leseni na kila mmiliki ajulikane, na mwaka 2016 ulifanyika uhakiki wa silaha za raia. Haya yote tunayaunga mkono. Hata hivyo, mwombaji huulizwa yeye ni nani, ana tabia gani, na silaha anaitakia nini. Lakini swali la kwamba ataibeba ndani ya nini ni nadra kulisikia, ofisini au barazani. Wenzetu wa Afrika Kusini wameliandika katika sheria yao ya mwaka 2000: bastola inayobebwa hadharani iwe ndani ya ala au kifuko kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ifunikwe isionekane, na mbebaji awe na uwezo wa kuidhibiti.

Kwa nini ala iwe na uzito kiasi hicho? Sababu imo katika chombo chenyewe. Bastola nyingi za kisasa hazina kizuizi cha nje cha kufungwa kwa kidole. Usalama wake umewekwa ndani, nao umejengwa juu ya sharti moja: kitu kisiguse kifyatulio ila kidole cha mwenyewe anapokusudia. Mtu akiiweka bastola ya namna hiyo mfukoni pamoja na funguo, au akaichomeka kiunoni pamoja na ncha ya shati, amelivunja sharti hilo.

Basi ala inayofaa hutambulikana kwa mambo haya. Kwanza, ifunike kifyatulio chote, na iwe imetengenezwa kwa bastola ya aina ile ile. Ala ya "yoyote itaingia" haifai kitu. Pili, mdomo wake ubaki wazi bastola inapotolewa, ili kuirudisha kusihitaji mkono wa pili kuupanua wala mtutu kuelekea tumboni. Tatu, iishike bastola barabara. Jaribio lake ni jepesi: toa risasi zote, hakikisha mara mbili kwamba chemba ni tupu, ichomeke bastola katika ala, kisha ipindue juu ya kitanda na kuitikisa. Ikianguka, ala hiyo ni ya kutupwa. Nne, ifungwe katika mshipi mpana na mgumu unaoenea sawasawa katika vishikizo vya ala, kwani mshipi mlegevu hufanya ala nzuri icheze kama kengele.

Kuhusu ngozi na plastiki ngumu, kila kimoja kina wema na ubaya wake. Ngozi hulala vizuri mwilini, lakini katika joto na unyevu wa ziwani hunywa jasho, na jasho huleta kutu. Ubaya zaidi ni kwamba ngozi iliyochakaa hulegea, na mdomo wake uliokunjamana waweza kuingia penye kifyatulio wakati bastola inaporudishwa. Ala ya ngozi iliyofika hapo isipelekwe kwa fundi viatu kushonwa upya. Muda wake umekwisha. Plastiki ngumu hainywi jasho wala hailegei, lakini kingo zake huchoma ubavu, na ikipata ufa haina dawa.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Wako wanaodhani kwamba starehe ya ala ni jambo la anasa, na kwamba mwanamume huvumilia. Sivyo. Ala inayoumiza huvuliwa, na bastola iliyovuliwa huwekwa popote: juu ya kiti cha gari, chini ya mto, ndani ya kikapu, au juu ya meza ya mkahawa. Ajali nyingi huanzia hapo. Kwa hiyo starehe na usalama ni ndugu wa tumbo moja, na anayechagua ala aipime katika maisha anayoishi, si akiwa amesimama mbele ya kioo dukani. Akae nayo kama anavyokaa katika mashua, magoti juu. Apande bodaboda. Ainame kama anayeinua gunia. Bastola iliyochomekwa mbele ya tumbo humwelekezea mwenyewe mtutu kwenye kinena na paja, penye mshipa mkubwa wa damu. Iliyowekwa mgongoni katikati yaweza kumvunja uti akianguka chali. Ala ya kwapani humwelekezea mtutu aliye nyuma katika foleni. Ya mfupa wa nyonga, upande wa mkono wa kazi, ndiyo iliyo na lawama chache. Na avaaye kanzu ajue kwamba ala iliyo chini ya kanzu haifikiki kwa haraka, nayo katika rukuu na sijida hujitokeza. Bora aiache nyumbani ikiwa imefungwa kwa ufunguo.

Yaliyotokea ng'ambo yatosha kuwa onyo. Nchini Marekani, Novemba 2008, mchezaji mashuhuri wa mpira wa nchi hiyo, Plaxico Burress, aliingia klabu ya usiku mjini New York na bastola aliyoichomeka kiunoni bila ala. Iliteleza ndani ya suruali, ikalia, ikamjeruhi paja lake mwenyewe. Bastola ile hakuwa na leseni yake katika jiji hilo, na mwaka 2009 akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Desemba 2014, katika jimbo la Idaho, mama mmoja aliweka bastola katika mkoba wa mkononi uliotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo. Mtoto wake wa miaka miwili aliifikia wakiwa dukani, na mama akafa. Juni 2018, mjini Denver, askari wa upelelezi aliyekuwa akicheza dansi alipinduka hewani, bastola ikamchomoka kiunoni. Alipoikimbilia kuiokota ikafyatuka, na mtu mwingine akapigwa risasi ya mguu. Huyu wa mwisho alikuwa mtu wa mafunzo. Mzee wa Kibirizi aliyesema "usiidake" hakupita chuo chochote cha silaha, lakini alilijua jambo ambalo askari yule alilisahau.

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba atauliza: haya ya Kigoma yanihusu nini? Yanamhusu. Jeshi la Polisi ni moja kwa Jamhuri yote, na wafanyabiashara wetu hupanda na kushuka kila siku. Na huzuni ya risasi hatuhitaji kufunzwa, sisi ambao Mzee Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Isitoshe, wazee wetu waliovaa jambia na upanga walijua thamani ya ala. Hawakutembea na chuma kitupu. Katika mafundisho ya dini tumesoma kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwagiza anayepita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake asije akamdhuru mtu, na alikataza watu kupokezana upanga uliochomolewa alani. Hukumu ya bastola haiwezi kuwa nyepesi kuliko ya mshale.

Watakuwapo wanaosema kwamba kuandika haya ni kuwahimiza watu wajizatiti. Sisi hatutaki raia kila mmoja awe na bastola. Ulinzi wa kweli wa mwambao ni polisi walio karibu, wananchi wanaoshirikiana nao, na silaha haramu zinazosalimishwa. Lakini bastola zilizokwisha kupewa leseni zipo, na kuzinyamazia hakuzifanyi zitoweke. Vile vile tunawakemea wale, wakiwamo baadhi ya wanaojiita viongozi, wanaopandisha shati makusudi harusini na mikutanoni ili watu waone kilichomo kiunoni. Machi 2017 taifa zima liliona picha za mtu aliyevaa kiraia akichomoa bastola mbele ya mbunge jijini Dar es Salaam, na likafadhaika. Ala ya siri ina maana ya siri. Anayeionesha silaha ameanza kuitumia.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wafikirie mambo manne. Mosi, mwenye leseni, anapoipata na kila anapoihuisha, afike kituoni na ala na mshipi wake, bastola ikiwa tupu, askari avikague. Pili, muuza silaha asitoe bastola bila ala ya aina hiyo hiyo. Tatu, mafunzo ya mmiliki yasiishie kwenye kulenga shabaha, bali yafundishe kubeba, kuvua na kurudisha. Nne, viongozi wenye silaha wawe wa kwanza kukaguliwa, ili mwananchi asione kwamba sheria ni ya mwenye mashua peke yake.

Haya hayahitaji bajeti kubwa wala mtaalamu kutoka nje. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu ni mpana kiasi cha kiuno cha mtu mmoja. Siku ile Kibirizi bastola ilianguka mchangani, na kina mama wakarudi kwenye dagaa wao. Si haki kuwataka waendelee kutegemea bahati.