Ukokotoaji Sambamba Usiwe wa Mafundi Peke Yao

Jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na hadi leo uchukuzi ndio uhai wa mtaa huo. Lori la viazi likiwasili, wachukuzi hulishusha kwa pamoja. Mwenye mali hapangi nani abebe gunia lipi. Hutaja mzigo uendako, akapatana bei, kisha akahesabu magunia.

Ukokotoaji sambamba hufuata utaratibu huohuo: kazi kubwa hugawanywa vipande, na kompyuta nyingi zikavishughulikia kwa wakati mmoja. Katika tiba, jambo hili si anasa. Jenomu ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Selimundu husababishwa na badiliko la herufi moja tu; lakini ili kueleza kwa nini wagonjwa wawili wenye badiliko lilelile hutofautiana, mmoja akaugua sana na mwenziwe akapata nafuu, hutulazimu kulinganisha jenomu za watu wengi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tatizo ni kwamba mara nyingi mwenye mzigo hawafikii wachukuzi. Daktari au muuguzi aliyepata swali zuri wodini hukuta kompyuta hizo zinaendeshwa kwa amri za kuandikwa, ambamo kosa la nukta moja hukwamisha kazi nzima. Humwendea fundi mwenye foleni ndefu, na baadhi ya maswali hufia katika foleni hiyo. Anayepata hasara ni mgonjwa.

Dawa ipo. Jukwaa la Galaxy, lililoanza mwaka 2005 nchini Marekani, humwezesha asiyejua kuandika programu kuchagua data na hatua za uchambuzi kwa kubofya tu. Kompyuta hugawiwa kazi bila yeye kuingilia, na kila hatua huhifadhiwa ili mwingine aweze kuirudia. Aidha, laweza kusimikwa katika kompyuta za chuo chenyewe, hivyo vinasaba vya wagonjwa wetu havilazimiki kupelekwa ng'ambo.

Wako wasemao kuwa urahisi huzaa uzembe, na kwamba asiyeielewa mashine atapokea kila jibu. Hofu hiyo ina msingi, lakini tiba yake si kufunga mlango. Anayemjua mgonjwa ndiye wa kwanza kugundua jibu lisilolingana na hali halisi. Tumfundishe kulipima, kama mwenye viazi anavyohesabu magunia asiyoyabeba.

Kwa hiyo vyuo vyetu vya tiba visiishie kununua mashine. Viandae maelezo ya Kiswahili fasaha, mafunzo mafupi kwa wahudumu wa afya, na mtu wa kuulizwa pale jibu linapotia shaka. Tuanze na wodi moja na swali moja, tuone litafika wapi.