Leseni ya Droni Si Adui wa Mkulima

Mwandishi anayetaka leseni za droni za kilimo zifutwe ili mkulima wa Garissa apumue amekosea shabaha. Anasema droni ni chombo cha shamba tu, kama jembe. Jembe gani hilo? Droni ya DJI Agras T40 hubeba lita 40 za dawa, na inapopaa ikiwa imejaa uzito wake hufikia kilo 90. Ikiangukia zizi la ngamia, au upepo ukisukuma dawa hadi Mto Tana, wanakochota watu maji, nani atalipa? Kanuni za droni za Kenya za mwaka 2020 zinataka chombo kisajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na anayekirusha kibiashara awe na cheti. Bila hayo, hata mwenyewe hatajulikana. Tena huku ni karibu na mpaka wa Somalia. Askari akiona kitu kikielea jioni hatauliza kama kinatafuta viwavi.

Anatukumbusha nzige walioingia kaskazini mashariki mwishoni mwa 2019. Sawa, lakini waliowanyunyizia kutoka angani walikuwa marubani wenye leseni, na sikusikia mtu akilalamika.

Kisha anasahau jambo la msingi: mkulima wa vitunguu akimwajiri mwendeshaji mwenye cheti, yeye mwenyewe hadaiwi leseni yoyote.

Kuhusu umbali wa kuifuata leseni na gharama yake ana hoja, ingawa ameigusa juujuu. Basi tuidai Mamlaka ilete mafunzo na mitihani Garissa mjini, na serikali ya kaunti iwalipie vijana wa vyama vya ushirika karo ya kwanza.