Mtungi haulali na watu

Semista imetukalia kooni, asainmenti tatu na testi moja wiki hii, lakini leo siandiki masomo. Naandika jiko. Ndiyo, jiko! Grupu letu la safari limegawanyika pande mbili kwa ajili ya jiko, na kwa vile kikao cha kugawa hela ni Jumamosi, bora niseme langu hapa mapema. Kule kikaoni mwenye sauti kubwa ndiye anayepita.

Kwa wasiojua sakata lenyewe: tupo wanane, na tuna Hiace ya kaka wa mwenzetu, ile iliyokuwa kipanya cha abiria mpaka ikachoka njia. Viti vya nyuma vimeng'olewa, zikawekwa mbao na magodoro, sasa inaitwa nyumba. Wanne wanalala ndani, wanne kwenye mahema. Tunaanza Bagamoyo na magofu ya Kaole, tunakwenda Saadani, tunarudi kwa Mandera na Chalinze, usiku wa mwisho tunalala kwetu Ubena Zomozi. Siku nne. Hela imetoka kwenye bumu, na kila mtu anajua bumu la mwenzake limekonda kiasi gani.

Sasa basi. Upande wa kwanza unataka lile jiko la kambi wameliona dukani mjini: linakunjwa kama mkoba, pleti mbili, meza ya alumini yenye miguu myembamba, vikombe vinaingia ndani ya vikombe. Linatumia makopo ya gesi ya kutupa. Bomba kweli kwa picha. Upande wa pili wanasema acheni uzungu, tubebe jiko la mkaa na gunia, tumalize. Mimi napinga pande zote mbili, na sababu yangu ni moja. Wote mnabishana kuhusu mahali jiko litakapopikia. Litapika siku nne tu. Siku zote nyingine za mwaka litakuwa limelala mahali fulani, na hata hizo siku nne kila usiku litalala, pembeni ya watu waliolala. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza litalala wapi. Anzieni hapo, halafu ndiyo mchague.

Nimekulia pembeni ya barabara ya Morogoro, kwa hiyo jiko la kwenye gari silijui kwa kusoma. Malori ya Zambia na Kongo yanapita kwetu usiku na mchana, na yakiegesha nimeyaangalia tangu nikiwa darasa la pili. Mjomba wangu alianza utingo akaishia dereva. Lori lake lina sanduku la bati chini ya tela, ubavuni, limechomelewa na fundi wa kawaida. Ukilifungua unakuta mtungi mdogo wa kilo 6 umesimama, umefungwa kamba ya mpira wa tairi. Sufuria mbili, kubwa inameza ndogo. Mwiko, kisu kimevikwa kitambaa, unga kwenye ndoo yenye mfuniko, chumvi na kiberiti kwenye kopo la maziwa ya unga ili visiingie unyevu. Basi. Anashusha mtungi, anaukalisha upande wa tairi ambako upepo haufiki, nusu saa ugali na dagaa tayari. Akimaliza anafunga koki, anasubiri kichwa cha jiko kipoe, anafuta, anarudisha. Yeye analala juu kwenye kabini, mtungi unalala chini nje. Nilimuuliza zamani kwa nini hauingizi ndani usiibiwe. Akanijibu, "Mtungi haulali na watu, mjomba. Ukiibiwa nitanunua mwingine."

Yeye hajasoma kemia, ila kemia inamuunga mkono. Gesi ya mitungi ni propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatoke dirishani kama moshi. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajaa kwenye vishimo. Sasa fikiria ile Hiace yetu: sakafu ya bati, milango imefungwa kwa sababu ya mbu, godoro juu ya mbao, na chini ya mbao ndipo mwenye gari anapotaka tuweke "stoo ya jiko". Yaani tumejenga beseni, tukaweka mtungi ndani ya beseni, tukalala juu yake! Halafu saa kumi na moja alfajiri mmoja anawasha kiberiti atafute viatu. Kule Ulaya magari ya kulala huwa na kikabati cha mtungi kilichozibwa upande wa ndani, chenye tundu sakafuni linalotokea nje, gesi ikivuja idondoke barabarani. Sanduku la mjomba lenye mashimo ya kutu chini linafanya kazi hiyohiyo bure, teh teh.

Mtu atasema ile harufu itatuamsha. Kweli, gesi huwekewa harufu makusudi ili mtu aishtukie. Ila hiyo harufu imewekwa kwa ajili ya mtu aliye macho. Aliyelala fofofo baada ya kutembea jua zima Kaole usimtegemee.

Haya, tuje kwenye lile jiko la mkoba. Sina chuki na vitu vya kizungu. Nauliza tu limetengenezwa kwa ajili ya nani. Limetengenezwa kwa watu wawili wanaochemsha maji ya kahawa na kukaanga mayai. Sisi tunasonga ugali wa watu wanane! Mnajua kusonga ugali ni kazi gani? Mmoja anabana sufuria kwa miguu, mwingine anasukuma mwiko kwa mabega yote mawili. Uweke hiyo shughuli juu ya meza ya alumini yenye miguu kama ya korongo, kwenye mchanga wa Saadani, na upepo wa kusi unapiga. Nasubiri kuona. Ugali wa moto ukimmwagikia mtu miguuni, hospitali ya karibu haipo karibu.

Na makopo yake je? Kopo la gramu 220 kwa moto mkubwa linakwenda kama saa moja na nusu. Maharage yetu yatamaliza kopo zima kabla hayajaiva, na ukishalimaliza unalitupa, hulijazi. Mnabeba makopo mangapi? Halafu yameandikwa ubavuni, kwa maandishi madogo, yasifikie nyuzi 50. Hiace iliyofungwa vioo kwenye jua la Bagamoyo saa nane mchana inafika hapo na kupita. Yakiisha njiani mtayapata wapi, Miono? Mtungi wa kilo 6 unabadilishwa Chalinze, unabadilishwa Mdaula, unabadilishwa kwetu Ubena kwenye duka linalouza na vocha na ndala. Mimi hicho ndicho ninachokiita jiko la safari: ukiishiwa njiani unapata.

Wa mkaa nao wasicheke, zamu yao imefika. Kwanza Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, si shamba la babu, kuni huokoti, na makaa yenye moto huachi ukaondoka. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni mvua. Nimemsikia mtu kwa masikio yangu akisema "ikinyesha tutaliingiza jiko kwenye hema, au nyuma ya gari, tutafungua mlango kidogo." Jamani! Mkaa ukiwaka unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, haikoholeshi. Unasikia usingizi mzito na kichwa kuuma, basi. Na mkaa uliofunikwa jivu, ule mnaouona kama umekufa, bado unaitoa. Kila msimu wa baridi, hapa kwetu na Kenya, tunasoma gazetini familia imelala na jiko chumbani, asubuhi jirani anavunja mlango. Hawa si watu wajinga. Walikuwa wanasikia baridi kama ambavyo nyie mtasikia. Ukiwa na jiko la mkaa safarini, mvua ikinyesha saa moja usiku, litaingia ndani. Hata mkiahidi nini leo mkiwa mmekaa kantini mmekauka, litaingia. Ndiyo maana nasema tusilibebe kabisa.

Sitazungumzia nishati safi, hotuba mmezisikia za kutosha. Serikali ilishazipiga marufuku kuni na mkaa kwenye taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100, mwisho ulikuwa Januari 31, 2024, na mkakati wa kitaifa uliozinduliwa Mei mwaka huohuo unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Sisi tupo wanane, sheria haitugusi. Sumu inatugusa.

Aliyependekeza jiko la mchina nampa mistari miwili. Mafuta ya taa yalipandishwa kodi 2011 ili kukomesha uchakachuaji, hayana urahisi uliokuwapo enzi za kaka zetu. Na yakimwagika kwenye magodoro tutanuka taa mpaka mitihani ya UE.

Kwa hiyo mimi nataka nini? Mtungi wa kilo 6. Kile kichwa cha kufunga juu ya mtungi kinamfaa mjomba na utingo wake, watu wawili. Kwetu sufuria ya watu wanane juu yake ni mnara, itapinduka. Tununue lile jiko la chuma la miguu mifupi linalokaa chini, kama la mama lishe, na mpira wa mita moja na nusu, na kiungo cha kuingia kwenye mtungi mdogo. Muuzaji akifunge mbele yetu na apake povu la sabuni kwenye maungio tuone kama kuna mapovu yanayocheza. Jiko chini, mtungi pembeni upande unaotoka upepo. Kinga ya upepo iwe ya jiko peke yake, msije mkauzungushia na mtungi mabati, mtaupika. Njiani unakaa nyuma mlangoni, umesimama, umefungwa, koki imekazwa, dirisha liko wazi. Usilazwe, ukilala gesi ya maji inafika kwenye koki. Jioni kitu cha kwanza kushuka garini ni mtungi, na asubuhi kitu cha mwisho kupanda ni mtungi. Vyakula navyo visilale nje ovyo, nyani wa Saadani hawana aibu. Tukitoka pwani jiko lioshwe kwa maji baridi, likaushwe, lipakwe mafuta kidogo, maana chumvi ya bahari inakula chuma kimyakimya, unakuja kulifungua miezi sita baadaye unakuta unga mwekundu.

Sasa lile swali langu. Safari imeisha, tumerudi chuoni, mtungi unakwenda wapi? Mhazini wetu ameshajibu bila kuulizwa: chini ya kitanda chake hosteli. Kha! Chumba cha watu wanne ambacho wanalala saba, pazia ndilo ukuta, soketi moja inabeba pasi, hita na chaja tano. Kupika vyumbani ni marufuku na sote tunajua watu wanapika. Mtungi ukiwa chini ya kitanda utatumika, msinidanganye. Bumu likichelewa mwezi mmoja tu, utaanza na chai, utaendelea na maharage. Wanaolala chumba hicho hawajaulizwa. Wa ghorofa ya juu hawajaulizwa.

Pendekezo langu: mtungi na jiko tumpe yule mama lishe wetu wa getini, atumie. Sasa hivi anapikia kuni, macho yanamtoka machozi kila chapati. Nimeshaongea naye. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza yote, akacheka akasema, "Mwanangu, mnipe jiko bure halafu mje mlichukue siku nne? Hata mkilichukua kumi." Masharti: gesi anajaza yeye anapotumia, sisi tunajaza tukienda safari, mpira ukichakaa tunagawana bei. Jiko linalowashwa kila siku haliingii kutu, halitagiwi mayai na mende, na ikivuja kuna mtu atakayejua siku hiyohiyo, uwanjani, kwenye upepo.

Nimeshajibiwa kwenye meseji kwamba "atatudhulumu". Mtu anayetukopesha wali maharage tangu mwaka wa kwanza na kuandika kwa chaki ukutani ndiye atatudhulumu? Wengine wetu tumeondoka likizo na madeni yake. Tusianzishe huo mjadala, tutaaibika.

La mwisho, dogo ila linaniwasha. Kwenye ile ratiba iliyobandikwa, jikoni kuna majina matatu, yote ya wadada. Kwetu barabarani wanaopika ni madereva na matingo, wanaume wenye ndevu, na wanasonga ugali usiku wa manane bila kumuita mtu dada. Ratiba ipigwe chini, kila mtu siku yake. Siku ya kwanza niandikeni mimi.

Jumamosi saa kumi, chini ya mwembe wa siku zote. Nitakuja na bei za maduka mawili ya mtaani. Wa jiko la mkoba waje na hesabu ya makopo, na wa mkaa waje na jibu la mvua.