Mnada wa Dominika na Heshima ya Binti: Tafakari kutoka Mpaka wa Horohoro

Mpaka wa Horohoro, katika Wilaya ya Mkinga, unatenganisha nchi mbili lakini hautenganishi watu. Wadigo wako pande zote mbili. Wanaoana, wanazikana na kuuziana samaki na nazi. Hata hivyo, katika jambo moja linalowagusa mabinti zetu wa shule, mstari ule umetenganisha sheria. Jambo hilo ni hedhi salama.

Kenya iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye taulo za kike mwaka 2004. Mwaka 2017 ikaongeza hatua nyingine: ilirekebisha sheria ya elimu ya msingi na kuipa Serikali wajibu wa kumpatia taulo bure kila msichana aliyevunja ungo na anayesoma katika shule ya umma. Kwetu Tanzania, msamaha wa kodi hiyo ulianza Julai 2018, ukafutwa Julai 2019. Sababu iliyotolewa na Serikali ni kwamba bei kwa mlaji haikushuka. Sababu hiyo yastahili kupimwa kwa utulivu. Bidhaa inaposamehewa kodi, mtengenezaji harudishiwi kodi aliyokwisha kulipa kwenye malighafi zake, hivyo hubaki na gharama ndani ya bei. Tena hakuna kinachomlazimisha muuzaji wa reja reja kupunguza bei dukani. Msamaha ulitolewa juu, lakini haukumfikia binti aliyekuwa chini.

Tuchukue mfano mwepesi. Pakiti ya shilingi 2,000 kila mwezi ni shilingi 24,000 kwa mwaka kwa binti mmoja. Mama mwenye mabinti watatu anahitaji shilingi 72,000. Kwa familia inayoishi kwa kuvua kwa msimu au kuuza madafu kandokando ya barabara ya Tanga–Horohoro, fedha hiyo hushindana na unga, daftari na dawa. Katika mashindano hayo, mara nyingi binti ndiye anayeshindwa, naye hunyamaza.

Watu wa kawaida hawakusubiri. Kituo cha East Africa Television na redio yake vimeendesha kampeni ya Namthamini, wakialika wasikilizaji kuchangia taulo kwa wanafunzi. Taasisi ya Flaviana Matata imefanya kazi hiyo hiyo mashuleni. Nchini Uganda, ahadi ya taulo za bure iliyotolewa wakati wa kampeni za uchaguzi ilikwama mwaka 2017, Waziri wa Elimu alipolieleza Bunge kwamba fedha hazipo. Ndipo mhadhiri Stella Nyanzi akaanzisha mchango kwa njia ya mitandao, na wananchi wakaitikia. Hatulazimiki kukubaliana na lugha yake yote ili kutambua kwamba watu wengi waliguswa na hitaji hilo. Na kila tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama, tunaona matembezi ya hisani, mabonanza ya mpira na matamasha ya nyimbo kwa ajili hii.

Je, sisi waamini tufanye nini? Parokia zetu zina mbinu iliyozoeleka. Baada ya Misa Takatifu ya Dominika huletwa jogoo, mkungu wa ndizi au kikapu cha machungwa, na mnada huanza. Mmoja ananunua, anarudisha, kinanadiwa tena. Watu wanacheka na kanisa linapata bati au saruji. Sioni sababu ya jogoo huyo kushindwa kumsomesha binti, ikiwa ameweza kuezeka sakristia.

Wapo wanaosema kwamba jambo hili ni la faragha, halifai kutajwa karibu na altare. Hoja yao haistahili kudharauliwa. Katika pwani yetu mwali alifundwa na somo au kungwi, ndani, mbali na masikio ya wanaume. Ukimya ule ulikuwa ukimya wa heshima, kwa sababu ndani yake alikuwapo mtu aliyemshika binti mkono. Leo mabinti wengi wako mbali na somo wao, wakiwa shuleni au katika vyumba vya kupanga karibu na shule. Somo ameondoka na ukimya umebaki. Ukimya usio na mtu wa kusaidia si heshima tena.

Injili nayo inatufundisha. Katika sura ya tano ya Marko tunakutana na mwanamke aliyetokwa damu kwa miaka kumi na miwili. Ugonjwa wake haukuwa hedhi ya kawaida, lakini sheria ya Walawi, sura ya 15, iliziweka hali zote mbili chini ya hukumu moja ya unajisi. Aligusa vazi la Bwana kwa siri. Bwana hakumkemea wala hakujisikia ametiwa najisi. Alimwita binti, akampa amani mbele ya umati. Kanisa linaloisoma Injili hiyo haliwezi kuona aibu kuwahudumia mabinti.

Hata hivyo, si kila tukio la kuchangisha linafaa. Napendekeza vipimo vitatu.

Cha kwanza ni heshima ya anayepokea. Bwana alituonya tusipige baragumu tunapotoa sadaka. Kumsimamisha msichana wa miaka kumi na minne mbele ya kamera akiwa ameshika pakiti, kisha picha hiyo ikasambazwa kwenye simu za kijiji kizima, ni kumlipisha msaada kwa aibu yake. Tupige picha ya jogoo na ya mnadi. Taulo zipokewe na mwalimu wa kike, naye azigawe kwa staha.

Cha pili ni uwazi wa hesabu. Mtakatifu Paulo, alipokusanya mchango kwa ajili ya waamini wa Yerusalemu, hakuibeba fedha peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine walioaminiwa na makanisa, ili asiwepo mtu wa kulaumu. Nasi tukikusanya shilingi milioni moja, tukatumia laki sita kwa fulana, maturubai na chakula cha wageni, hatukuchangia mabinti bali sherehe yetu. Mapato na matumizi yatangazwe Dominika inayofuata, mpaka shilingi ya mwisho.

Cha tatu ni mwendelezo. Hedhi huja kila mwezi. Haingoji tarehe 28 Mei. Paulo huyo huyo aliwaagiza Wakorintho kila mmoja aweke akiba siku ya kwanza ya juma, badala ya kungoja afike ndipo wachange. Mnada ufungue mfuko. Jumuiya ndogondogo ziujaze kidogo kidogo mwaka mzima. WAWATA wenye vyerehani wanaweza kushona taulo za kufua, ambazo hutumika kwa miezi mingi, mradi shule ina maji, sabuni na mahali penye jua pa kuzianika. Kina baba wa UWAKA wajenge chumba cha kubadilishia chenye mlango na komeo. Hiyo ni kazi ya mwanaume, na ni namna ya baba kumwambia binti yake kwamba hana la kuonea haya.

Katika ukanda huu sisi Wakatoliki ni wachache miongoni mwa jirani zetu Waislamu. Orodha ya mabinti isiulize dini. Mama Mwislamu akileta nazi mnadani, apokewe kama mwenye nyumba.

Mwisho, upendo usigeuzwe kisingizio cha kuacha haki. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake wa mwaka 2009 juu ya upendo katika ukweli, alifundisha kwamba upendo hupita haki lakini hauwezi kukosa haki. Tunapochanga, tuendelee pia kuwauliza wabunge na madiwani wetu kuhusu kodi ya taulo, maji na vyoo vya shule. Mnada wa parokia hauwezi kubeba wajibu wa bajeti ya Taifa. Lakini binti wa darasa la saba aliyepo sasa hawezi kusubiri bajeti tatu zijazo, kwa maana atakuwa amekwisha kuacha shule.

Basi, Dominika ijayo kikapu kitakapoinuliwa, tukumbuke kwamba mikono inayokishika inaweza kumrudisha mtoto wetu darasani. Mama Bikira Maria, aliyekuwa binti wa Nazareti, awaombee mabinti wote wa pande mbili za mpaka wetu. Tumsifu Yesu Kristo.