Japani Iliyofika Kabiria Bila Maneno Yake

Mkaazi wa Kabiria, magharibi mwa jiji la Nairobi, huishi na Japani kila siku. Matatu anayoabiri kwenda mjini aghalabu ni Toyota au Nissan. Na jina hili la pili lilizoeleka mno miaka ya 1990 na 2000 hata likawa jina la matatu yoyote ya abiria 14. Gari la mtumba likiwashwa, mara nyingi sauti ya mwanamke humsemesha dereva kwa Kijapani. Redio yake nayo haipokei stesheni nyingi za Nairobi mpaka fundi aongeze kifaa, kwa kuwa masafa ya FM ya Japani huishia chini ya yale ya Kenya. Ni bayana basi kwamba bidhaa za Japani zimefika. Swali linalopaswa kuwashughulisha wanafunzi wa Kiswahili ni hili: mbona maisha ya Wajapani hayajafika?

Si kwamba hakuna Mkenya aliyeyaona. Douglas Wakiihuri alihamia Japani mwaka 1983 kufunzwa na Kiyoshi Nakamura, akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Rome mwaka 1987. Samuel Wanjiru alijiunga na shule ya sekondari mjini Sendai mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 15. Alijifunza Kijapani, na mwaka 2008 akanyakua dhahabu ya Olimpiki mjini Beijing kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Alifariki mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 24. Watu hawa hawakuwa watalii. Walivua viatu mlangoni kama wenyeji na kukimbia ekiden, mbio ambazo mkimbiaji humkabidhi mwenzake ukanda wa timu badala ya kumpa kijiti. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili amebaki na nishani zao, si siku zao.

Hasara yake ni ipi? Neno moja latosha kuidhihirisha. Mwezi Februari 2005 Wangari Maathai alizuru Japani, akalikuta neno mottainai, akalieneza duniani kama wito wa kuhifadhi mazingira. Kiswahili kina israfu na ubadhirifu, lakini maneno haya humlaumu mtu anayepoteza. Mottainai hukihurumia kitu chenyewe: wali uliobaki sahanini au kitambaa kinachotupwa kabla ya kuchakaa. Mafundi wa kando ya barabara huko Kabiria, wanaofufua redio na viatu vilivyokwisha kutupwa, wanaiishi dhana hiyo kila siku bila kuwa na jina lake. Neno hilo lilifika Kenya kwa mabano ya Kiingereza, na wanaolihitaji zaidi hawakulisikia.

Ubaya ni kwamba Kiswahili kiliwahi kuifanya kazi hii. Katika miaka ya 1890, Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha Kiswahili mjini Berlin, akaandika kuhusu maisha aliyoyaona huko. Maandishi yake yalichapishwa na Büttner mwaka 1894. Salim bin Abakari naye alisimulia safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Ni kweli kwamba Wajerumani ndio waliochapisha, kwa malengo yao. Lakini jicho lililotazama lilikuwa la Mswahili, na Mzungu ndiye aliyekuwa kioja.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili kina kazi ya kutosha nyumbani, na kwamba ya Japani yaachiwe Wajapani. Hoja hiyo haina mashiko. Wajapani wenyewe hawakuwaachia Waswahili ya Uswahilini: Chuo Kikuu cha Osaka hufundisha Kiswahili, na shirika la NHK limetangaza kwa lugha hii kwa miongo mingi. Wao wamevuka bahari kwa lugha yetu. Lugha inayopokea vyombo vya wengine bila kuyaeleza maisha yao huwa lugha ya soko tu, na wazungumzaji wake huzoea kuamini kwamba dunia inaelezeka kwa Kiingereza pekee.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Aliyekuwa mgeni Japani na akarejea ni dawa pia. Idara za Kiswahili ziikubali tawasifu ya ughaibuni kuwa mada halali ya tasnifu, na kila mwanafunzi amtafute mtu mmoja mtaani kwao aliyeishi ng'ambo, amwulize alikula nini, alifua wapi, alinyamaza lini, kisha ayaandike majibu kwa Kiswahili fasaha. Kazi hiyo haihitaji ufadhili. Yahitaji daftari, subira, na kuwahi kabla ya msimulizi kuondoka.